Homa na Nasaha, Gitega na Muyinga

Malaria ilipoenea katika nyanda za juu za Burundi mwishoni mwa mwaka 2000, wagonjwa wakahesabiwa kwa mamilioni, nasaha za afya zilikuwa na wasikilizaji wa namna mbili, Gitega kama Muyinga: mwenye homa, apokeaye kwa shauku kila neno la nafuu, na mwenye siha, aonaye kuwa zamhusu jirani. Mwaka 2003 serikali ilipoanza kutumia artesuneti na amodiakwini, dawa ya malaria ya siku 3, taabu hii ya usikivu ikageuka sura. Kwani mgonjwa, homa imwachapo siku ya pili na vidonge vikamtia kichefuchefu na unyonge, huona udhia wa dawa wapita maradhi yenyewe, akaviweka vilivyosalia akiba ya mtoto. Basi nasaha ya kumaliza dawa yahitajika zaidi siku ya nafuu.