Kuperuzi na herufi kumi na moja za mwanzo

Kitendo chenyewe kila mwenye simu anakijua. Ukurasa unafunguka, jicho linagusa kichwa cha habari, linaonja mstari wa kwanza, kisha linashuka upande wa kushoto likitafuta pa kushika. Lisipopapata, kidole gumba kinarudi nyuma na mwandishi ameshampoteza mtu. Wataalamu wa maandishi ya mtandaoni wana neno lao la Kiingereza la kusoma kwa namna hii, "scanning", na wanafunzi wa uandishi wa habari huniuliza tuliite nini kwa Kiswahili.

Maneno yanayopendekezwa si haba. Simu zetu hutuambia "changanua msimbo wa QR", lakini aliyewahi kusimama ubaoni akachanganua sentensi kwa matawi anajua kwamba hiyo ni kazi ya utulivu, kinyume kabisa cha haraka tunayoizungumzia. Kupekua kunanuka askari na mifuko ya watu. Kuvinjari kumeshatupa kivinjari, nako ni mwendo wa kutoka ukurasa hadi ukurasa, si mwendo wa jicho ndani ya ukurasa mmoja. Kusoma juujuu ni lawama ya mwalimu. Mtaani watu hawakusubiri kamati yoyote: wanaperuzi. "Nilikuwa naperuzi tu" ni jibu kamili la mtu aliyepitisha macho bila kuahidi kusoma.

Wapo wanaolikataa neno hili kwa kuwa limetoka Kiingereza, tena lugha hiyo awali ililitumia kwa maana ya kusoma kwa makini. Kwangu si hoja. Kiswahili kimelipokea, kikalipunguzia uzito, na sarufi yetu ikaliongezea mnyambuliko wenye manufaa: ukurasa unaperuzika au hauperuziki, kama vile mwandiko unavyosomeka au usivyosomeka. Kwa kiambishi kimoja tumepata istilahi ya sifa ambayo mhariri anaweza kumwandikia mwandishi pembeni mwa makala: "Hapa hapaperuziki."

Tabia hii ya kuperuzi imepimwa. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi zake Marekani, aliandika kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza waliperuzi kila ukurasa mpya waliokutana nao; waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Yeye na mtafiti mwenzake John Morkes walichukua maandishi ya kuvutia watalii waende Nebraska, wakayatoa kwa namna tano. Toleo lililokatwa maneno hadi karibu nusu liliwafaa wasomaji kwa asilimia 58 zaidi ya lile la awali. Lililopangwa liperuzike, kwa vichwa vidogo na orodha, lilipata asilimia 47. Lililoondolewa majigambo tu, bila kuguswa kingine, asilimia 27. Lililofanyiwa yote matatu lilifikia 124.

Hiyo 27 ndiyo inayonigusa. Sifa zina gharama: msomaji akikutana na "vivutio vya kipekee vinavyotambulika duniani kote" analazimika kuzipepeta kwanza ili apate anachokitaka. Nasi tuna mazoea ya kuanza na utangulizi wa heshima. Makala ya wadudu wa mahindi itaanza na kilimo kuwa uti wa mgongo wa taifa, ipite kwenye utandawazi, na mdudu aonekane aya ya tatu. Aliyesimama shambani na bando linaloelekea kwisha hafiki huko.

Mwaka 2006 Nielsen alifuatilia macho ya watu 232 wakisoma kurasa za mtandao, na njia ya macho ikachora umbo la herufi F: mstari wa juu mrefu, wa pili mfupi, kisha mteremko kwenye ukingo wa kushoto. Wengi waliichukulia F kama ramani ya kufuata. Kampuni yake ilibidi ifafanue mwaka 2017 kwamba umbo hilo hujitokeza zaidi pale ukurasa usipompa msomaji alama za kumwongoza. Ukimwekea vichwa vidogo vinavyosema kitu, jicho huvirukia.

Ukingo wa kushoto wa Kiswahili sasa. Hapo ndipo ushauri wa wageni haututoshi, kwa sababu lugha yetu hupanga viambishi mbele. Orodhesha vichwa vidogo vya makala ya kilimo: Kutayarisha, Kupanda, Kupalilia, Kuvuna. Jicho linaloshuka linaona ku, ku, ku, ku. Ukivifanya Utayarishaji, Upandaji, Upaliliaji na Uvunaji, umebadilisha sare tu. Andika Shamba, Mbegu, Palizi, Mavuno, na kila kimoja kinajitambulisha kwa herufi zake mbili za kwanza.

Mwaka 2009 Nielsen aliwaonyesha watu herufi 11 tu za mwanzo za viungo vya kubofya, akawauliza wanatarajia kukuta nini mbele. Jaribu kipimo hicho kwenye kichwa tunachokiona kila siku: "Jinsi ya Kukabiliana na Changamoto ya Viwavijeshi Vamizi Katika Zao la Mahindi". Ukihesabu na nafasi, herufi 11 zinakupa "Jinsi ya Ku". Hapo inaweza kuwa kupika pilau. Mdudu mwenyewe, "Viwavijeshi", ana herufi 11 kamili. Na kwa kuwa kwetu nomino hutangulia sifa, jina linaweza kukaa mbele bila kupinda sarufi: "Viwavijeshi vamizi: dalili na hatua za kuchukua".

Chini ya kichwa hicho, sentensi ya kwanza imkute mkulima pale alipo. "Ukiona kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mhindi, fungua majani umtafute kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduka kichwani na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia." Ni sentensi ndefu, lakini atasoma yote, kwa sababu kila kipande chake anaweza kukihakikisha kwa jicho. Historia ya kwamba mdudu huyu alitokea bara la Amerika na kuripotiwa Afrika mwaka 2016 inaweza kungoja chini.

Kuna pingamizi moja la haki: watu wenyewe huandika "jinsi ya" wanapotafuta kitu mtandaoni, hivyo kuyafuta maneno hayo ni kujificha. Sawa, yasifutwe, yasogezwe: "Viwavijeshi: jinsi ya kuwadhibiti mapema". Kitafutaji kitayakuta popote yalipo kwenye kichwa. Na shairi au hadithi fupi isipoperuzika, iacheni hivyo. Msomaji wake alikuja na muda wake.