Kazi, Kitendo na Tiba: Historia ya Istilahi na Huduma ya Afya ya Akili Jinja na Mbale

Wagonjwa wa akili wa mwanzo kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni nchini Uganda walihifadhiwa katika gereza la Hoima. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa karibu na Kampala mwaka 1955. Mgonjwa wa Jinja alisafiri takribani kilomita 80 kuifikia, na wa Mbale zaidi ya 200. Alitibiwa mbali na shamba, soko na jiko lake, yaani mbali na shughuli zenyewe alizopaswa kuzirejea.

Taaluma inayoshughulikia urejeo huo ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917. Kiswahili kimeipa majina mawili: tiba kazi, linalosikika zaidi Kenya, na tiba kwa vitendo, lililozoeleka Tanzania. Nchini Uganda uteuzi huu si jambo dogo. Kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika huko vinywani mwa askari, na kazi inayotajwa na askari ni amri. Ukiongeza kumbukumbu ya gereza, tiba kazi huweza kueleweka kama adhabu iliyovishwa koti jeupe. Tiba kwa vitendo ndiyo istilahi inayofaa zaidi.

Hali ya huduma ilianza kubadilika pale Sera ya Afya ya 1999 ilipoiweka afya ya akili katika kifurushi cha huduma za msingi. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina vitengo vya afya ya akili, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilichukua nafasi ya ile ya zamani ya ukoloni. Hata hivyo, kitanda kilicho karibu hakitoshi. Mtaalamu huanza kwa kuuliza mgonjwa alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua, na ni lipi analolitamani. Kwa mama wa Bugisu jibu laweza kuwa kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Huyaloweka, huyachemsha, kisha huyaunga kwa karanga. Hatua hizo hudai kumbukumbu, mpangilio na subira, mambo ambayo ugonjwa huyavuruga. Tena chakula kikiiva, kuna wa kumkaribisha. Kwa mvuvi wa Masese, Jinja, ni kushona nyavu. Kusuka vikapu kwa pamoja wodini, bila kujali nani aliwahi kusuka, huwapitishia wagonjwa muda tu.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, hivyo nyaraka za afya zitahitaji istilahi. Kilusoga kina kitenzi kimoja, okukola, kinachobeba maana ya kutenda na ya kufanya kazi. Kiswahili hutenganisha maana hizo, na fomu ya rufaa itakayosomwa na familia huko Mbale itabeba mojawapo tu.