Land Rover kuukuu inapolia nyuma: sikiliza kabla ya kufungua difu

Hapa kwetu Pwani Land Rover za zamani bado ziko kazini. Zabeba madafu, nyavu, mawe ya kujengea, na siku ya harusi hubeba watu hadi nje ya mlango. Nazungumzia zile za Series, zilizoundwa kuanzia 1948 hadi 1985. Malalamiko ninayoyasikia mno kutoka kwa wenye gari hizi ni kwamba nyuma inalia, na jawabu la gereji nyingi ni lile lile: difu imekufa, tafuta nyingine. Mara nyingi difu ni nzima. Kilichokwisha ni krosi, beringi au bushi, vitu ambavyo bei yake ni ndogo kuliko ya difu kwa mbali. Lakini kuna mlio mmoja ambao ukiupuuza gari yaweza kukutoroka mteremkoni. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya kwa utaratibu.

Ekseli yenyewe ilivyo

Ekseli ya nyuma ni kasha moja gumu la chuma lililofungwa juu ya springi za mabamba. Propela inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha pinioni, pinioni inazungusha krauni, kisha hafu shafti mbili zinapeleka nguvu kwa magurudumu. Uzito wa gari hauko juu ya hafu shafti. Umebebwa na habu, na kila habu ina beringi mbili.

Kumbuka hesabu hii: kwa gari nyingi za Series, propela huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Ukienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 4 hadi 5 kwa sekunde, na propela zaidi ya mara 20. Kwa hivyo mlio wa tok-tok unaoweza kuuhesabu kwa kidole unatoka kwenye gurudumu, habu au dramu ya breki. Ule wa haraka usiohesabika unatoka kwenye propela au pinioni.

Milio na maana zake

Mvumo unaobadilika na mafuta. Tafuta barabara iliyonyooka. Kanyaga mafuta, kisha achia, kisha shikilia mwendo mmoja. Mvumo ukipanda ukikanyaga na kubadilika ukiachia, shuku krauni na pinioni au beringi za pinioni. Usipobadilika kwa mafuta bali ukabadilika ukitoka lami kuingia mchangani, hizo ni tairi zako, hasa zile za meno makubwa.

Ngurumo inayobadilika kwenye kona. Ukikata kushoto uzito hulalia kulia. Ngurumo ikizidi hapo, anza na habu ya kulia. Ikizidi ukikata kulia, anza na ya kushoto.

Kwiri-kwiri ya mwendo mdogo, kama ndege. Hiyo ni krosi ya propela iliyokauka grisi. Magari yanayoteremshwa ufuoni kupakia samaki hupata hili upesi, kwa kuwa maji ya chumvi na mchanga humaliza grisi. Tia grisi mpya hadi ile chafu itoke. Sauti ikirudi baada ya siku chache, krosi imeliwa.

Tang! ukiachia klachi au ukitoka gia ya mbele kwenda rivasi. Huo ni ulegevu. Gari hizi zina viungo vingi, na ulegevu mdogo wa kila kimoja hujumlishwa, kwa hivyo mlio hafifu ni kawaida yake. Ukiwa mkubwa, lala chini ushike propela kwa mikono miwili kila upande wa krosi na uzungushe huku na huku. Krosi ikicheza, umeshapata. Ikiwa propela yote inazunguka pamoja sehemu kubwa kabla gurudumu halijaitika, ulegevu uko ndani ya difu au kwenye meno ya hafu shafti.

Kugonga kwenye mashimo tu. Hapo ekseli mara nyingi haina kosa. Tazama bushi za springi, U-bolti zilizolegea, bamba lililovunjika, raba za shoki, na eksozi inayogusa chasisi.

Kabla ya kuingia chini

Nataka msomaji alitie akilini hili kuliko lolote. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya giaboksi, yaani inazuia propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliacha gurudumu hilo lizunguke, na lile lililobaki chini linaweza kubingirika ijapokuwa hendibreki imevutwa. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, egesha pahali tambarare, na utie stendi chini ya ekseli. Jeki pekee haitoshi kumlinda mtu.

Ukishainua, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi za habu zimelegea au zimekwisha. Kisha lizungushe huku kiganja cha mkono wa pili kikiwa juu ya springi. Beringi mbovu utaihisi ikikwaruza hata kabla hujaisikia.

Oili inasema kweli

Fungua nati ya kujazia. Oili ya EP90 inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu gari ikiwa imesimama sawa. Ekseli ya kawaida huchukua takriban lita 1.7. Ile kubwa ya Salisbury, iliyo kwenye gari nyingi ndefu za Series III, huchukua kama lita 2.5. Imwage kwenye beseni safi. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi iliyovunjika. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ekseli yenye joto ikitumbukia majini hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili zilizochoka. Angalia pia kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba, oili husukumwa nje hadi kwenye breki.

Ikiwa bado una shaka, fungua propela ya nyuma, bonyeza kirungu cha manjano ili gari ivutwe na magurudumu ya mbele, uiendeshe masafa mafupi polepole. Kama habu za mbele ni za kufunga na kufungua, zifunge kwanza. Mlio ukitoweka, ulitoka kwenye propela au difu ya nyuma. Ukibaki, tafuta kwenye giaboksi, habu au mbele.

Hafu shafti ikikatika

Utasikia mpasuko mmoja mkubwa, kisha injini inaunguruma na gari haiendi. Wengi hubonyeza kirungu cha manjano, wakavutwa na magurudumu ya mbele hadi nyumbani, wakashukuru Mungu. Hilo lawezekana. Hatari iko katika kuegesha. Hafu shafti moja ikikatika, hendibreki haina tena cha kushika nyuma, na hata kuiacha kwenye gia hakusaidii. Gari iliyoegeshwa hivyo kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni, huku watu wakipita kwa miguu mbele yake, ni balaa inayongoja. Acha kirungu cha manjano kikiwa chini, gari iwe kwenye gia, na uweke mawe kwenye magurudumu kabla hujaondoa mguu kwenye breki. Kama huna wa kukuwekea mawe, usiegeshe mteremkoni.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, usimwambie tu kuwa nyuma inalia. Mwambie inalia mwendo gani, ukikanyaga au ukiachia, kona ya upande upi, na oili ulivyoiona. Fundi mzuri atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Na yule anayetaka kukuuzia difu kabla hajainua gurudumu, muage kwa heshima uondoke. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini hakuna anayekatwa mguu kwa sababu ya mwiba kabla haujatazamwa.