Kimeo na Pua: Jina la Ugonjwa na Njia ya Kisu katika Nchi ya Upare

Mji wa Same umekaa chini ya milima ya Upare ya kusini, kando ya reli ya Tanga na Moshi ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Juu yake, katika msitu wa Chome, kilele cha Shengena chapita meta 2,400. Milimani kuna ukungu, baridi, na moshi wa mafiga ndani ya nyumba. Bondeni kuna jua kali na vumbi. Katika nchi ya namna hiyo pua na kifua vya mwanadamu havikosi taabu, na mafua yasiyokwisha ni habari ya kila kaya.

Same ni mahali pa kukutana lugha pia. Wenyeji wa milima husema Chasu. Sokoni husikika Kimasai, Kichaga na Kisambaa. Na lugha iunganishayo watu hao wote ni Kiswahili. Mama ashukaye kutoka Chome, Suji au Mamba na mtoto akoromaye usiku na kukohoa mchana, aghalabu humweleza mganga au tabibu kwa Kiswahili. Basi jina atakalolitaja lina nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Akisema mafua, atapewa dawa ya mafua. Akisema kimeo, yawezekana mtoto akapelekwa kukatwa. Makala hii yahusu historia ya majina hayo na ya visu vilivyoyafuata, kwa sababu mambo hayo mawili hayakutengana hata siku moja.

Neno kimeo lina maana zaidi ya moja. Kwanza ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, ambacho huitwa pia kilimi, yaani ulimi mdogo. Pili ni ugonjwa unaodhaniwa kukaa katika kinyama hicho: mtoto hukohoa, hutapika, hakui, hakati maziwa wala chakula vizuri, na watu wazima husema, "Ana kimeo." Asili ya neno si ngumu kuiona, ni tendo la kumea, na kimeo ni kitu kilichomea. Hapo ndipo penye shina la jambo. Kilimi ni jina la kiungo, lakini kimeo ni jina na pia ni hukumu, maana kitu kilichomea mahali pasipotakiwa, kama magugu shambani, dawa yake ni kung'olewa au kukatwa. Katika mazungumzo ya vijana wa Tanzania wa siku hizi kimeo ni jambo lolote bovu au lenye kusumbua: gari kimeo, simu kimeo. Maana hiyo mpya yaonyesha jinsi lawama ilivyoshikamana na neno.

Kwa nini kiungo hicho kidogo kikalaumiwa hivyo? Kwa sababu ndicho kionekanacho. Mtoto akipanua kinywa, jicho halioni pua kwa ndani, wala nyuma ya kaakaa, wala mapafu; laona kilimi. Na mara nyingi kilimi hicho huwa chekundu na kimevimba kweli, kwa kuwa kamasi kutoka nyuma ya pua humiminika juu yake mchana na usiku, na kikohozi chenyewe hukichubua. Kilichoathiriwa kikadhaniwa kuwa ndicho kilichosababisha.

Haifai kudhani kwamba kosa hilo ni la Waafrika peke yao, au la watu wasiosoma. Maandishi ya Kiyunani yaliyohusishwa na jina la Hippocrates yanazungumza juu ya kukata kilimi, na yanaonya kwamba ni hatari kukikata kingali chekundu na kimevimba. Karibu na mwaka 1000, katika mji wa Kordoba, tabibu al-Zahrawi alieleza jinsi ya kukinasa kwa kulabu na kukikata, na akataja hali ambazo mkataji asithubutu kukigusa. Katika karne ya 19 matabibu wa Ulaya walikata ncha za vilimi virefu ili kutibu vikohozi visivyopona. Katika Afrika desturi hiyo imejulikana tangu Niger na Nigeria mpaka Ethiopia na Somalia, na katika sehemu nyingi za Tanzania. Uchunguzi juu ya desturi hiyo nchini Tanzania ulichapishwa mwaka 1984, na tangu hapo matabibu hawakuacha kuitaja.

Madhara yake yajulikana vema. Mtoto aweza kutoka damu mpaka kuishiwa; kidonda chaweza kuoza na kuvimbisha shingo; pepopunda yaweza kuingia; na kisu kimoja kikipita katika vinywa vingi chaweza kuchukua virusi vya UKIMWI. Lakini liko dhara jingine lisilopigiwa kelele: siku zinazopotea. Mtoto mwenye homa ya mapafu akikatwa kimeo, mzazi hukaa akingoja nafuu, na ugonjwa wenyewe waendelea. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye kikohozi cha kawaida hupona baada ya wiki moja au mbili, akatwe asikatwe. Na aliyekatwa akipona, sifa huenda kwa kisu. Hivyo ndivyo desturi ilivyojijengea ushahidi.

Ili lawama iondoke juu ya kilimi, ilipasa kwanza jicho lifike mahali lisipofika. Ajabu ni kwamba aliyefungua njia hakuwa tabibu bali mwalimu wa kuimba. Mwaka 1854 Manuel Garcia alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakielekeza pamoja na mwanga wa jua mpaka nyuma ya kinywa chake, akaona nyuzi za sauti yake mwenyewe zikifunguka na kufumba. Mwaka uliofuata habari zake zilisomwa mbele ya chama cha wataalamu huko London. Baada ya miaka michache Johann Czermak alikigeuza kioo cha namna hiyo kikatazama juu, nyuma ya kaakaa, mahali ambapo pua huungana na koo.

Mwaka 1868 Wilhelm Meyer, tabibu wa Copenhagen, alitoa habari za vinyama vinavyomea mahali hapo kwa watoto, vikaziba njia ya pua na kudhuru masikio. Wanafunzi wa lugha wana sababu ya pekee ya kumkumbuka Meyer, kwa kuwa dalili mojawapo aliyoitilia maanani sana ilikuwa matamshi. Wagonjwa wake walikuwa na sauti iliyokufa, isiyo na mwangwi wa pua.

Jambo hilo laweza kupimwa katika Kiswahili pasipo chombo chochote. Sauti za m, n, ny na ng' hutaka pumzi ipite puani. Pua ikizibwa kabisa, m huwa kama b, na n huwa kama d: mtoto akusudiaye kusema "mama" husikika akisema "baba", na "nane" yake huwa "dade". Kinyume chake, kaakaa likishindwa kufunga njia ya pua, pumzi huvuja puani hata katika sauti zisizoitaka, na hapo ndipo msemo huwa wa king'ong'o. Watu wengi huita hali hizo mbili kwa jina moja, kwamba mtoto "anasemea puani", ingawa ya kwanza ni pua iliyofungwa na ya pili ni pua isiyofungika. Matibabu ya moja ni kinyume cha matibabu ya nyingine, na mpasuaji akiondoa vinyama vya nyuma ya pua kwa mtoto mwenye kaakaa dhaifu, aweza kumzidishia king'ong'o. Sikio la mwanalugha laweza kutofautisha hayo kabla ya kioo kuingia kinywani.

Historia ya mapango ya uso nayo yaelekea njia hiyo hiyo. Pembeni mwa pua, ndani ya mifupa, mna mapango yenye hewa, ambayo hospitalini huitwa sainasi: mashavuni, katika paji la uso, katikati ya macho, na ndani kabisa chini ya ubongo. Kila pango lina mlango mwembamba wa kutolea kamasi puani. Mlango ukizibwa kwa uvimbe au kwa vinyama, kamasi hukaa na kuoza, na mtu huumwa uso, hukosa kunusa, na hukohoa kamasi zimshukazo kooni. Katika miaka ya 1890, George Caldwell wa New York na Henry Luc wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha jinsi ya kutoboa mfupa wa shavu juu ya meno, kukwangua pango, na kufungua tundu jipya upande wa chini ili uchafu utoke. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu.

Wazo hilo lilionekana kuwa la akili, kwa kuwa maji hushuka; lakini kamasi si maji. Katika mji wa Graz nchini Austria, Walter Messerklinger alichunguza kwa miaka mingi mwendo wa kamasi, akaonyesha wazi kwamba vinyweleo vidogo mno vilivyo juu ya utando husukuma kamasi kuelekea mlango wa asili, hata kama liko tundu jingine kubwa karibu. Mlango wa asili ukibaki umezibwa, tundu jipya halitoshi. Wakati huohuo Mwingereza Harold Hopkins alibuni, mwaka 1959, darubini nyembamba yenye vijiti vya kioo, ipelekayo mwanga na picha safi ndani ya mwili. Kwa chombo hicho mpasuaji aliweza kupita puani bila kupasua uso, akafungua mlango uliozibwa, na kuuacha utando wenye afya. Heinz Stammberger wa Graz na David Kennedy wa Marekani waliieneza kazi hiyo, hasa tangu mwaka 1985. Hata hivyo si kila mgonjwa huhitaji kisu. Kwanza pua huoshwa kwa maji ya chumvi na kupuliziwa dawa. Upasuaji hufuata dawa zikishindwa. Wala kazi yenyewe si ndogo, kwa maana mfupa utenganishao pua na jicho ni mwembamba kama karatasi, na jina lake la Kilatini lina maana hiyo hasa.

Msomaji ataona kwamba historia hizi mbili, ya kilimi na ya pango la shavu, zina funzo moja. Katika zote mbili kisu kilikwenda kwanza mahali palipoonekana na kufikika, na ugonjwa ulikuwa mlangoni, mahali pasipoonekana.

Upareni matibabu ya kisasa na uchunguzi wa lugha vilikuja karibu wakati mmoja. Wamisheni Wasabato walianza kazi Giti, Mamba, mwaka 1903, baada ya Walutheri wa Leipzig kuanza Shigatini. Na mwaka 1909 mmoja wa Wasabato hao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu. Kazi kama hiyo haiwezekani bila kusikiliza kwa uangalifu sauti zitokazo puani na zile zitokazo kinywani. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi, umbali wa kilomita mia na kidogo kutoka Same, ikawa hospitali ya rufaa kwa watu wa kaskazini, yenye mabingwa wa masikio, pua na koo. Barabara ya lami yashuka na kupanda kati ya miji hiyo kila siku. Lakini mgonjwa haanzi safari hiyo kwa sababu barabara ipo. Huianza kwa sababu amepata jina la ugonjwa limwambialo aende.

Na majina bado ni machache. Siku hizi wengi husema "nyama za pua". Jina hilo ni bora kuliko kimeo, kwa kuwa limeuhamisha ugonjwa kutoka kooni hadi puani. Lakini lachanganya mambo matatu. Viko vinyama laini vyenye umbo la zabibu vimeavyo puani, mara nyingi kwa watu wazima, na wengine wao wana pumu pia. Viko vinyama vya nyuma ya pua, ambavyo Meyer alivieleza, na hivi ni vya watoto. Tena ziko nyama za asili zilizo katika kuta za pua za kila mtu, ambazo huvimba kwa mafua na vumbi, na ambazo mtu akizikata zote humletea mwenye pua taabu mpya. Kila moja ina tiba yake. Wazo lililomo katika neno nyama ni lile lile lililomo katika neno kimeo: kitu kimemea, basi kikatwe.

Mwaka 2003 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba, na kazi hiyo yastahili heshima. Lakini istilahi ya kamusi hutumiwa na aliyekwisha kufika kwa tabibu. Lililobaki ni kupata maneno ya kutumiwa kabla ya hapo, milimani, mezani penye chai ya tangawizi ya Mamba Myamba, wakati bibi na mama wanapoulizana mtoto ana nini. Lugha ya kawaida ina mali ya kutosha: kukoroma, kulala kinywa wazi, pua iliyozibwa, kamasi zishukazo kooni, kutosikia harufu, kusema "baba" badala ya "mama". Hayo hayamhukumu mtu wala hayatii kisu mkononi mwa yeyote. Yaeleza dalili tu, na kumwachia mwenye kioo na darubini atafute mlango uliozibwa. Yafaa watunga istilahi wayakusanye kutoka vinywani mwa watu, katika Chasu na katika Kiswahili, kwanza yale ya wazazi, kisha ya matabibu. Kilimi nacho kirudishiwe jina lake la zamani, ulimi mdogo, kiungo cha mwili kama viungo vingine.