Barua ya Desemba 14: Historia ya Kusubiri Kamati za Udahili

Kati ya Januari na Aprili ya kila mwaka, vijana wa aina moja hupita ofisini kwangu. Wamemaliza shahada ya kwanza au ya uzamili, wamepeleka maombi ya masomo ya juu katika vyuo vikuu vya Marekani, vya Ulaya na vya hapa nyumbani, na sasa wanasubiri kamati zikae. Huja kuniuliza, mimi niliyewaandikia barua ya mapendekezo, kama nimesikia lolote. Huwa sijasikia. Mwandishi wa barua hizo hajui ya ndani ya kamati kuliko ajuavyo mwombaji mwenyewe. Basi tunaagana kwa maneno yale yale, kwamba subira yavuta heri. Wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika miezi hii methali ya pili ndiyo inayoonekana usoni mwa mgeni wangu.

Tumezoea kukiona kipindi hiki kama kiangazi: kimekuja, kitapita, hakina mwenyewe. Naomba msomaji wangu tutofautiane na mazoea hayo. Nani husubiri, husubiri kwa muda gani, na nani ana haki ya kuuliza maombi yake yamefikia wapi, ni mambo yaliyopiganiwa na watu, wengine wakalipa kwa maisha yao. Nitaanzia Marekani, kwa kuwa huko mapambano hayo yalifika mahakamani na kuacha kumbukumbu zinazosomeka. Kisha nitarudi kwetu.

Fomu ya maombi yenyewe ina ukoo wake. Mwaka 1922, A. Lawrence Lowell, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona kwamba Wayahudi wamekuwa wengi mno chuoni kwake, akataka idadi yao iwekewe kikomo. Pendekezo hilo lilipotajwa hadharani lilizua kelele. Lakini fomu za chuo hicho, kuanzia mwaka huo, zikaanza kumuuliza mwombaji rangi yake, dini yake, jina la mama yake kabla ya kuolewa, mahali alipozaliwa baba yake, na kama ukoo umewahi kubadilisha jina. Hizo zilikuwa fomu za shahada ya kwanza. Hata hivyo somo lilikuwa limekwisha kupatikana: kamati isiyotaka kutaja sababu yake huongeza nafasi ya kujaza.

Ndipo tunapokutana na Lloyd Gaines. Alihitimu mwaka 1935 katika Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo cha Weusi katika jimbo la Missouri, akaomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Missouri. Msomaji akumbuke kwamba Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba alama zake hazitoshi. Msajili alimshauri azungumze na rais wa Lincoln kuhusu mipango mingine, nayo mipango hiyo maana yake ilikuwa jimbo limlipie ada akasome katika jimbo jirani. Gaines hakutaka kusafirishwa. Uamuzi rasmi wa kumkataa ulitolewa mwaka uliofuata, 1936. Tarehe 12 Desemba 1938, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo linalowafundisha Weupe sheria ndani ya mipaka yake lina wajibu wa kuwapa Weusi nafasi hiyo ndani ya mipaka hiyo hiyo. Missouri haikumfungulia mlango. Ilianzisha haraka shule nyingine ya sheria kwa ajili ya Weusi, na kesi ikaelekea kurudi mahakamani kubishania kama shule hiyo inalingana na ile ya Weupe. Machi 1939, Gaines alitoka katika nyumba aliyofikia Chicago akisema anakwenda kununua stempu. Hajaonekana tena tangu siku hiyo. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Missouri kilimtunuku shahada ya heshima ya sheria, miaka 67 baada ya kutoweka kwake.

Siku mbili baada ya hukumu ile, yaani tarehe 14 Desemba 1938, barua iliandikwa kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina kwenda kwa Pauli Murray, aliyekuwa ameomba kusoma shahada ya juu ya sayansi ya jamii. Barua ilisema wazi kwamba watu wa rangi yake hawadahiliwi chuoni hapo. Nimeifikiria barua hiyo mara nyingi kuliko kesi zote nitakazozitaja, kwa sababu ya aliyeipokea. Murray alilelewa Durham, jirani kabisa na chuo hicho. Bibi yake mzaa mama alizaliwa na mama mtumwa aliyemilikiwa na ukoo wa Smith, na baba yake alikuwa kijana wa Kizungu wa ukoo huo huo. Mkuu wa ukoo, Dakta James Smith, aliwahi kuwa mdhamini wa chuo. Binti yake, Mary Ruffin Smith, alipofariki aliachia chuo mali yake. Yaani chuo kilikuwa kimekwisha kupokea urithi wa ukoo wa Murray, kisha kikamrudishia fomu yake.

Murray hakukaa kimya. Aliandikiana na rais wa chuo, mazungumzo yao yakafika magazetini, na wanafunzi wa chuo wakaanza kubishana wao kwa wao. Chama kilichoendesha kesi ya Gaines hakikuichukua kesi yake, kwa kuwa wakati huo alikuwa mkazi wa New York. Akaenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Howard, akamaliza mwaka 1944 akiwa wa kwanza darasani, akaomba shahada ya juu ya sheria Harvard. Safari hii rangi haikuwa kizuizi. Harvard ilimkataa kwa kuwa alikuwa mwanamke. Rais Franklin Roosevelt, mhitimu wa Harvard, alimwandikia barua ya kumuunga mkono, na haikusaidia. (Wanafunzi wanaodhani barua yangu ndiyo itakayowavusha wakumbuke barua hiyo.) Harvard ilianza kudahili wanawake katika sheria mwaka 1950. Murray alikuwa amekwisha kwenda Berkeley, na hatimaye mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 54, akatunukiwa shahada ya uzamivu ya sheria na Chuo Kikuu cha Yale.

North Carolina ilimrudia mwaka 1978 ikitaka kumtunuku shahada ya heshima. Akaikataa, kwa kuwa vyuo vya jimbo hilo vilikuwa bado vinavutana na serikali kuu kuhusu kuondoa ubaguzi.

Kwa maoni yangu barua ya Desemba 14 ilikuwa na adabu moja iliyokosekana kwingine: ilisema hapana. Texas haikusema. Heman Sweatt, mgawa barua wa posta mjini Houston, alipeleka maombi ya kusoma sheria Februari 1946. Rais wa chuo, Theophilus Painter, alipeleka suala kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo kuomba ushauri. Sweatt akaenda mahakamani. Jaji akakubali kwamba haki ya mwombaji imevunjwa, kisha akaipa serikali ya jimbo miezi sita itafute la kufanya. Miezi sita hiyo ilizaa shule ndogo ya sheria ya Weusi, na shule hiyo ikazaa kesi nyingine na rufaa nyingine. Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu ya kumpa nafasi, tarehe 5 Juni 1950, miaka minne na zaidi ilikuwa imepita. Aliingia darasani akiwa amechoka, afya imedhoofika na ndoa yake inavunjika, akaondoka bila shahada ya sheria. Ukitazama kitabu cha sheria, Sweatt alishinda. Ukitazama kalenda, jimbo lilipata lilichokitaka.

Siku ile ile mahakama ilitoa hukumu ya George McLaurin, mwalimu aliyeomba kusoma uzamivu wa elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 1948. Yeye alidahiliwa. Akawekwa kwenye kijichumba kando ya darasa, akapewa meza yake peke yake maktaba, na saa yake ya kula.

Kutoka kwa watu hawa hadi kwetu si mbali. Mwaka 1960 Murray alikwenda Accra kufundisha sheria ya katiba wakati Ghana huru ilipokuwa inaandaa wanasheria wake. Na wakati Sweatt anasubiri Texas, kijana wa Afrika Mashariki mwenye kiu ya shahada hakuwa na kamati nyumbani hata ya kumkatalia. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikuwa inatoa stashahada. Julius Nyerere aliimaliza mwaka 1945, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi na shahada yake mwaka 1952. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka huo wa 1949, wanafunzi wake wakaanza kusomea shahada, lakini shahada hizo zilikuwa za London.

Kwa hiyo waliotaka zaidi waliandika barua nje. Gikonyo Kiano alipata uzamivu Berkeley mwaka 1956, akarudi Kenya na kushirikiana na Tom Mboya kuwatafutia wengine nafasi. Serikali ya kikoloni ilivitilia shaka vyuo vya Marekani na haikupenda njia hiyo iliyokwepa milango yake. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Huwa tunasimulia habari za ndege na wafadhili wake mashuhuri, tukasahau kwamba kabla ya ndege kulikuwa na miezi ya bahasha. Wengi wao walikuwa vijana wa vijijini waliojiandikia wenyewe kwenye vyuo wasivyovijua, katika miji wasiyoweza kuitamka, wakasubiri posta.

Uhuru ulileta kamati nyumbani. Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikianza na sheria, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Wangari Maathai, aliyesoma shahada zake mbili za mwanzo Marekani, alitunukiwa uzamivu Nairobi mwaka 1971. Issa Shivji alitunukiwa wake Dar es Salaam mwaka 1982. Mtoto wa Kiafrika sasa aliweza kuchambuliwa na wasomi wa kwao, kwa maswali ya kwao. Sioni aibu kusema kwamba hilo lilikuwa mojawapo ya matunda makubwa ya uhuru.

Nasi tukajifunza upesi kuwasubirisha watu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba mhitimu wa sekondari asiende chuo kikuu moja kwa moja: afanye kazi kwanza, miaka miwili au zaidi, na aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa nzuri, nami si miongoni mwa wanaoidhihaki. Ilitaka msomi ajue jembe na kiwanda kabla ya kujua nadharia. Lakini kusubiri hakumwelemei kila mtu kwa kipimo kimoja. Wasichana walianza kupungua vyuoni, kwa kuwa katika miaka hiyo miwili wengi waliolewa, wakazaa, wakabaki, na haikupita miaka mingi wakaondolewa sharti hilo. Kwa sera iliyoandikwa, angalau, kosa liliweza kuonekana na kurekebishwa.

Kinachonisumbua leo ni kusubiri kusikoandikwa popote. Mwombaji wa Marekani analipa ada ambayo kwa kijana wa hapa ni kodi ya miezi kadhaa, na anaweza kukataliwa bila sababu. Hayo ni malalamiko ya haki. Lakini anaijua kalenda. Maprofesa wachache wa idara husoma mafaili kati ya Desemba na Februari, majibu huanza kutoka, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Tarehe hiyo inamlinda mwombaji na papara ya chuo. Mimi sijui tarehe ya namna hiyo katika vyuo vyetu vya umma.

Ninaye kijana, nisimtaje, aliyepeleka pendekezo lake la uzamivu katika chuo kimoja cha hapa nchini Agosti iliyopita. Lilipita idara, likapita kamati ya kitivo, likafika kurugenzi ya uzamili. Hapo likakutana na lugha tunayoijua sote: faili linatembea, mhusika yuko safarini, njoo wiki ijayo. Hakuna aliyemkataa. Amekwisha kuacha nafasi ya kazi mkoani kwa kuwa aliambiwa jibu li karibu. Nilipomuuliza mwenzangu mmoja wa huko kwa nini wasimwandikie hata mistari miwili, alishangaa kweli kweli: wamwandikie nini, na uamuzi bado haujatolewa? Hakuwa na ubaya. Kwake kimya kilikuwa kitu tupu, kisichomgharimu yeyote.

Nilimwambia habari za Sweatt na ile miezi sita ya jaji. Alinisikiliza kwa heshima, akasema Texas ilikuwa ubaguzi na hapa ni uhaba wa watumishi. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Kijana wangu naye nilimweleza tofauti hiyo. Aliniuliza kama aikubali kazi nyingine iliyotangazwa Songea, ambayo mwisho wa kuomba ni Ijumaa. Kikao cha kamati, kwa taarifa za mwisho, kimesogezwa hadi baada ya Pasaka.