Kipaza Sauti Kilikuwa Wapi? Led Zeppelin ya 1977–1980 katika Kanda za Magendo

Mike Millard alikuwa na miguu mizima, lakini katika ukumbi wa Forum, Los Angeles, alizoea kuingia akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kinasa sauti chake cha Nakamichi kilikuwa kikubwa mno kufichwa chini ya koti, na kiti hicho ndicho kilichokipitisha mlangoni. Onyesho la Led Zeppelin alilolinasa humo tarehe 21 Juni 1977 lilisambaa baadaye kwa jina la “Listen to This, Eddie”. Kwa mtu aliyeambiwa kwamba kundi hilo lilikuwa limekwisha kufikia wakati huo, kanda hiyo inashtua. Ngoma za John Bonham zinagonga kifua, na gitaa la Jimmy Page linakimbia bila kujikwaa sana.

Simulizi iliyozoeleka ni kwamba baada ya 1975 kundi lilikuwa linateremka mlima. Pombe na dawa za kulevya zilikuwa zimeingia nyumbani, ziara ya Marekani ya 1977 ikakatizwa mwana wa mwimbaji Robert Plant alipofariki mwezi Julai, na kifo cha Bonham, Septemba 1980, kikafunga ukurasa. Rekodi rasmi hazikusaidia kuipima simulizi hiyo. Albamu ya jukwaani ya 1976 ilitoka katika maonyesho ya 1973, na ilibidi kungoja hadi 2003 ndipo picha za maonyesho ya Knebworth ya 1979 zikatolewa rasmi, tena zikiwa zimehaririwa. Anayetaka kujua kilichosikika usiku kwa usiku hana budi kuziendea kanda za magendo.

Ila kanda ni shahidi, na shahidi huulizwa alisimama wapi. Zipo zilizonaswa na watazamaji. Humo ukumbi wenyewe unasikika: mwangwi, vifijo, mlevi wa safu ya nyuma. Zipo pia zilizotoka moja kwa moja kwenye mtambo wa kuchanganya sauti. Hizo ni kavu, kila ala iko uchi, na kidole kikiteleza kwenye waya hakuna mwangwi wa kukisitiri. Usiku mmoja ukinaswa kwa njia zote mbili, msikilizaji anaweza kudhani amesikia makundi mawili tofauti.

Kwa tahadhari hiyo, 1977 inasomeka upya. Tarehe 20 Julai, mwezi mmoja tu baada ya usiku wa Millard, kundi lilipiga Tempe, Arizona, na wapenzi wa kanda hizi hulihesabu onyesho hilo miongoni mwa mabovu kabisa. Page anababaika, nyimbo zinakosa uti wa mgongo. Watu ni walewale na nyimbo karibu ni zilezile. Kwa hiyo picha ya mteremko ulionyooka haitoshi. Kilichokuwepo ni kundi lililopanda na kushuka, na siku ambazo Page alishuka, mara nyingi ni Bonham na John Paul Jones waliobeba mzigo.

Ziara ya Ulaya ya 1980, yenye maonyesho 14 kuanzia Dortmund tarehe 17 Juni, ndiyo iliyohukumiwa vikali zaidi. Nuremberg, tarehe 27 Juni, Bonham alianguka baada ya nyimbo tatu, onyesho likaishia hapo. Kanda haziufuti ukweli huo. Lakini zinaonyesha pia jambo ambalo simulizi ya anguko huliruka: kundi lilikuwa limejipogoa. Ngoma za peke yake za Bonham, zilizoweza kuchukua zaidi ya dakika ishirini mwaka 1977, ziliondolewa. “No Quarter”, uwanja mpana wa kinanda cha Jones, nayo ikaachwa. Na kila usiku ulifunguliwa na “Train Kept A-Rollin’”, wimbo ambao wanne hao waliujaribu mara ya kwanza walipokutana katika chumba kidogo mjini London mwaka 1968.

Kanda nyingi za ziara hii zinazosikilizwa leo zilitoka mtamboni. Sehemu ya sifa yake ya uchovu, basi, imetokana na waya ulikochomekwa. Uchovu upo: mwendo ni mzito na makosa ya Page hayahitaji sikio kali. Lakini sikiliza usiku wa mwisho, Berlin, tarehe 7 Julai. “Stairway to Heaven” inanyooshwa karibu mara mbili ya urefu wake kwenye santuri. Page anaizungukazunguka solo yake, anakosea, anarudi, anatafuta njia nyingine, huku Bonham akimngoja na kumfuata kila anakogeuka. Kundi lililojikatia tamaa lisingejisumbua kungojana hivyo.