FIFA 19 ya mashine gani?

Nilipotea kidogo, maana test na asaimenti zilinibana kila upande. Leo boom limeingia, chuo kizima kinanukia chipsi kuku, na mimi nimekaa na laki moja mkononi siithubutu kuigusa. Hela hii ina kazi Mpwapwa.

Kwa wasiojua, mdogo wangu anasimamia banda la gemu kule nyumbani. Mjomba ndo alilianzisha na PS2 mbili, baadaye akamwachia dogo. Sasa zipo PS3 mbili za mtumba, tivii mbili na benchi moja refu. Mechi moja shilingi 200, anayefungwa anapisha. Hela hiyo ndogo ndogo ndo inayonunua sabuni na unga pale kwa mama, kwa hiyo msicheke.

Juzi dogo kapiga simu. "Shikamoo kaka. Wateja wanakimbia, wanasema wamechoka na gemu la zamani. Safari hii usikosee."

Nikaitikia marahaba huku nimenywea. Hilo neno "usikosee" lina historia yake. Mwaka jana nilimnunulia FIFA 19. Muuzaji mmoja alikuwa nayo ndani ya karatasi nyeupe, haina kasha. Nikamuuliza, "Hii inacheza kwenye PlayStation?" Akasema inacheza. Hakudanganya, mimi ndo niliuliza vibaya. Diski ilisafiri na gari mpaka Mbande, ikapita Kongwa, ikafika Mpwapwa. Dogo alikuwa ameshatangaza mtaani, benchi limejaa. Akaiweka, mashine ikagoma. Ilikuwa ya PS4. Maandishi yalikuwepo kabisa juu ya diski, ila macho yangu yaliishia kwenye neno FIFA 19. Wale vijana walimzomea dogo wiki nzima.

Sasa mimi nasoma historia, na mwalimu wetu mmoja hupenda kusema ukitaka kujua bei ya kitu, anza na historia yake. Basi usiku mmoja badala ya kusoma ya darasani nikakaa na hii ya diski.

FIFA ya kwanza ya kampuni ya EA ilitoka mwaka 1993, kwenye mashine ya Sega Mega Drive. PlayStation ya kwanza ikaingia sokoni Japani Desemba 1994, na PS2 ikafuata Machi 2000. Upande wa pili Konami walikuwa na lao, Japani likiitwa Winning Eleven, na Ulaya kuanzia 2001 likajulikana kama Pro Evolution Soccer, yaani PES. Pale kwa mjomba yote tuliyaita "wining" tu, hata likiwa la EA.

Angalieni mashine zinavyoachwa. PS2 ilikuwa imetoka mwaka 2000, lakini EA waliendelea kuitolea FIFA PlayStation ya kwanza mpaka FIFA 2005, ndipo wakaiaga. PS3 ilitoka Novemba 2006, ila PS2 iliendelea kupata lake kila mwaka. Sony walithibitisha kusimamisha utengenezaji wa PS2 Januari 2013, baada ya kuuza zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na bado mwaka huohuo FIFA 14 na PES 2014 zikatoka kwa PS2. Hizo zikawa za mwisho. PS3 nayo ikaja kuagwa hivyohivyo, PES 2018 ikawa ya mwisho kwa Konami, na FIFA 19, iliyotoka Septemba 2018, ikawa ya mwisho kwa EA.

Hapo ndo nikaanza kuelewa jambo. Jina kwenye kasha ni moja, lakini ndani si gemu moja. FIFA 14 ya PS4 ilitengenezewa injini mpya iliyoitwa Ignite. Ya PS3 haikuwa nayo, na ya PS2 ilikuwa nyuma zaidi. PES 2014 ndo kabisa, PS2 ilipata, PS3 ikapata, PS4 mpya kabisa ikakosa, mpaka PES 2015. Na FIFA 19 ya PS3 iliitwa Legacy Edition, na EA walisema wazi kuwa mchezo ni uleule wa nyuma, kilichobadilishwa ni vikosi na jezi. Ile hadithi ya Alex Hunter iliyokuwepo kwenye PS4 tangu FIFA 17, wa PS3 hawakuiona.

Kwa hiyo swali la "FIFA 19 shilingi ngapi?" halina maana mpaka useme ya mashine gani.

Nikakumbuka somo moja la misafara. Mpwapwa yetu kabla ya reli ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani. Watu walipumzika, wakajaza maji na kununua chakula, maana mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kisha Ugogo. Stanley alipita hapo Mei 1871 akimtafuta Livingstone. Kabla ya kuondoka Unguja aliumiza kichwa kwa ajili ya shanga, kwa sababu shanga ndo zilikuwa hela ya njiani, na kila nchi ilitaka rangi yake. Shanga nyeusi zilipokewa Ugogo, ila ukivuka nazo kwenda kwingine zikawa mzigo mtupu. Mwenye msafara aliyenunua rangi asiyoijua aliweza kubeba mali nyingi mabegani mwa wapagazi na bado akalala njaa.

Nilicheka peke yangu. Mimi na diski yangu ya PS4 kwenye banda la PS3 tulikuwa msafara uliobeba shanga za kwao wengine.

Haya, sasa uamuzi. Mshkaji wangu wa chumbani ananiambia niachane na PS3, nitafute PS4 ya mtumba halafu nichukue EA Sports FC, hilo jina jipya lililoanza na FC 24 mwaka 2023 baada ya EA na FIFA kuachana. Hoja yake si mbaya. FC 26 iliyotoka Septemba 2025 bado ilikuwa na toleo la PS4. Mwingine anasema eFootball, ile iliyorithi PES mwaka 2021, maana ni ya bure. Bure kweli, ila inataka mashine ya kisasa na intaneti, na bando la dogo linaisha kwa WhatsApp tu.

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Laki moja hainunui PS4, itabidi niongeze hela ya kula, na mnajua miezi ya mwisho wa semista inavyokuwa. Halafu kuna hili ambalo historia imenifundisha. Gemu la PS4 linazeeka kila Septemba. Leo unalinunua kwa bei ya juu, likija jipya wateja wanauliza "mbona huna lile?" na bei yake inashuka. Lakini gemu la mwisho la mashine haliji kupitwa kwenye mashine hiyo. Mjomba alipopata FIFA 14 ya PS2 hakununua FIFA nyingine mpaka anamwachia dogo banda, na benchi halikuwahi kuwa tupu. Hakuna aliyemuuliza jipya liko wapi, kwa sababu halikuwepo.

Kabla ya kuamua nikampigia dogo nikamuuliza swali ambalo mwaka jana sikuuliza. Wanaokaa kwenye benchi ni nani na wanataka nini? Akasema ni madogo wa shule, bodaboda wanaosubiri abiria, na wanachuo wachache wa ualimu jioni. Hawaulizi picha kali. Gemu lililopo ni FIFA 15, wanataka vikosi vya karibu zaidi, na wanataka kucheza na Samatta. Basi FIFA 19 ina Genk, na Samatta yumo, msimu uleule wa 2018/19 ambao Genk walichukua ubingwa wa Ubelgiji. Kuna mteja gani Mpwapwa atakataa hilo?

Kwa hiyo nimeamua, FIFA 19 ya PS3, diski mbili, moja kwa kila mashine. Na chenji inayobaki nanunua padi, maana dogo anasema moja kitufe cha kupiga shuti kimezama na kila anayefungwa anakisingizia.

Jana nilienda kwa muuzaji mwingine. Safari hii nikauliza vizuri, nikaomba kasha, nikasoma maandishi yote mpaka yale ya chini, kisha nikamwomba aiweke kwenye PS3 yake niione inawaka. Alininunia kidogo, ila aliiweka. Ikawaka.

Mzigo unaondoka kesho na gari la asubuhi. Dogo nimemwambia asitangaze kwa mtu yeyote mpaka aijaribu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Kanijibu, "Kaka, nilishajifunza siku ile."

Haya wapendwa, naishia hapa, nina test ya saa mbili na shanga sidhani kama zitatoka. Mkiona nimekonda mwezi huu, mnajua hela ilikokwenda.